Ramani ya kata ije mezani kabla ya bajeti: uzi wa GIS na mipango ya halmashauri zetu Dar

#1 Dira_Kusini

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa bajeti za halmashauri umefika. Kwenye vikao vya kata kila mtu ana orodha yake: mtaa huu unataka kalavati, ule unataka madarasa, kule wanalilia zahanati. Orodha zinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, zinafika kwa wataalamu wa halmashauri, zinaingizwa PlanRep, mfumo wa serikali wa mipango na bajeti, safari ya Dodoma. Mwisho wa yote mradi unabaki mstari mmoja kwenye jedwali: jina, kasma (kifungu cha bajeti), kiasi. Mahali ulipo mradi panaandikwa kwa neno moja tu, "Kivule" au "Tandale", imekwisha hiyo.

Ramani huwa inakuja baadaye. Inachorwa na mshauri mwelekezi, ina rangi nzuri, inawekwa kwenye kurasa za mwisho za ripoti au ukutani ofisini kwa mkubwa. Hoja yangu ni kwamba ramani ije mwanzo, siku madiwani wanapogombania fedha, na faili lake likae karibu na kata badala ya kuondoka na mradi uliolilipia.

Kwa ambao GIS ni msamiati mgeni: ni mfumo wa taarifa za kijiografia. Kila taarifa inafungwa na mahali pake duniani. Shule ina nukta yake, barabara ina mstari, mtaa una umbo. Ukishazipanga tabaka juu ya tabaka unaiuliza kompyuta maswali ambayo jedwali haliyawezi. Mfano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba ngapi za kata yenu zimo ndani ya huo ukanda? Kwa jedwali utabahatisha. Kwa ramani ni kazi ya dakika chache.

Sasa tazameni tunavyogawana. Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka Februari 2021, lina kata 36. Kivukoni ni kata, Chanika ni kata. Kivukoni ni maofisi, mahoteli na feri, jioni watu wanapanda magari wanaondoka. Chanika na Msongola ndiko familia zinakohamia na watoto wao. Ukisema "kila kata ipate sawa" umeonekana mtenda haki mbele ya baraza, ila mtoto wa Msongola umemdhulumu. Hata mpango wa sekondari za kata ulioanza 2004 ulifuata mantiki hiyohiyo ya kata moja, shule moja. Ulisaidia sana, sitaubeza, lakini kata ni mstari wa kiutawala na watoto hawakai kwa kufuata mistari.

Kinachoniuma ni kwamba Dar hatuna njaa ya ramani. Tandale ilichorwa na wakazi na wanafunzi 2011. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, vijana wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani wakaingia mitaani na wananchi, wakachora majengo, njia, mitaro, hata upana na kina cha mitaro, vyote vikawekwa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa yeyote kuitumia. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, maeneo ya kuhesabia yakiwa yameshachorwa. Mwaka huohuo ikapita operesheni ya anwani za makazi. Sasa nenda ofisi ya kata yoyote uombe kuona ramani ya kata hiyo. Utaoneshwa kalenda.

Karibuni tujadili.

#2 Chapati_Mbili

Mkuu uzi wa ramani hauna ramani?? Weka picha bwana.

#3 Mzee_wa_Kasma

Dira, nakuheshimu, ila umeandika kama mtu ambaye hajawahi kukaa kikao cha kamati ya fedha. Mimi nimekaa. Fedha za maendeleo hazigawanywi kwa umbali wala kwa idadi ya watoto. Zinagawanywa kwa diwani yupi ana sauti, mbunge ameahidi nini kwenye kampeni, na mradi upi ulishaanza ukakwama, maana hakuna anayetaka boma lisilo na paa litolewe picha gazetini. Utaleta ramani yako, watasema "ahsante mtaalamu", halafu watafanya walichopanga wakati wa chai.

Cha pili, mwenye ramani ndiye mwenye nguvu. Afisa mipango akishajua kuchora na diwani hajui kusoma, umehamisha madaraka kutoka kwa aliyechaguliwa kwenda kwa aliyeajiriwa. Huo ndio ugatuaji?

#4 Dira_Kusini

Mzee wa Kasma, la kwanza nakubaliana nawe nusu. Ramani haiondoi siasa. Inachofanya ni kumlazimisha mtu aseme kwa kinywa chake. Ikiwa ukutani panaonekana kata ina zahanati tatu na jirani yake haina hata moja, diwani anayetaka ya nne itabidi asimame aitetee mbele ya mwenzake, na muhtasari utaandika. Hivi sasa haoni aibu kwa sababu hakuna kinachoonekana.

Na hii habari ya fedha kufuata vigezo siyo ndoto ya mtaani. Fedha za mfuko wa pamoja wa afya kwenda halmashauri zilipowekewa kanuni ya mgawo, uzito mkubwa kabisa, asilimia 70, ulikuwa idadi ya watu, na mengine yakagawanywa kwenye umaskini, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano na umbali ambao gari la idara ya afya linazunguka. Yaani kutoka taifa kuja halmashauri kanuni ipo. Ikishafika halmashauri, kwenda chini kwenye kata, hapo ndipo kanuni inageuka mdomo. Mimi nataka nidhamu ileile ishuke ngazi moja.

La pili, la diwani asiyesoma ramani, ni zito zaidi. Uzoefu wangu ni kwamba watu wanasoma ramani ya kwao haraka sana, hata asiyewahi kuona ramani, ikiwa ina msikiti, baa, kona ya bodaboda na mwembe wanaoujua. Wanachoshindwa kusoma ni ramani ya mtaalamu, yenye vivuli kumi vya bluu na maelezo ya Kiingereza pembeni.

Niongeze mfano mmoja wa kuonesha kwa nini umbali wenyewe unahitaji akili. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kwa vijijini kituo cha maji ndani ya mita 400 na watu 250 kwa kituo. Tuchukue mita 400 hizo kama mazoezi. Mtu mvivu anachora duara kuzunguka kila kioski cha maji, anahesabu nyumba zilizomo, anaandika "asilimia kadhaa wamefikiwa". Weka sasa mto au mfereji mkubwa katikati ya duara, kama Mto Ng'ombe unavyopita kati ya Sinza, Tandale na kwenda Mwananyamala. Mama wa ng'ambo anaonekana yuko mita 150 kutoka kwenye maji. Kwa miguu, mpaka afike kwenye kivuko na kurudi, ni mbali mara kadhaa, na ana ndoo kichwani. QGIS, programu ya bure ya ramani, inaweza kupima kwa kufuata njia zenyewe zilizochorwa OpenStreetMap badala ya duara. Umbo linalotoka siyo duara tena, ni kama pweza aliyenyoosha mikono kwenye vichochoro. Kata ya watu waliofikiwa kwa duara inaweza kugeuka kata ya watu waliokosa. Mradi unaotakiwa hapo huenda wala siyo kioski kipya, ni kivuko. Hicho kitu jedwali halikuambii kamwe.

#5 Bikoni37

Nimefurahi kuona uzi huu. Mimi ni mpima, nitasema la kwangu la kiufundi kwa sababu ndilo linaloharibu kazi kabla hata siasa hazijafika.

Dar yote tuko kanda ya 37 Kusini ya UTM, utaratibu wa kuandika mahali kwa mita. Michoro ya zamani ya mipango miji na ramani nyingi za upimaji zimetengenezwa kwa mfumo wa zamani wa kodineti (namba za mahali) uitwao Arc 1960. Simu yako na kishikwambi vinatoa WGS84, mfumo wa GPS. Tatizo ni kwamba kwa macho namba zinafanana kabisa: tarakimu sita mashariki, saba kaskazini, kanda ileile. Hakuna kinacholia. Unachanganya faili mbili, na vitu vinahama karibu mita 300. Zahanati ya upande huu wa Morogoro Road inatokea upande wa pili, na kiwanja cha shule kinakaa juu ya nyumba za watu. Kisha mtu anakuja na ramani hiyo kwenye mkutano wa wananchi na anashangaa kwa nini wanamzomea.

Nchi ina fremu mpya ya marejeo, yaani msingi wa kodineti zake, TAREF11, na kazi mpya za upimaji zinatakiwa zielekee huko. Lakini makabati yamejaa karatasi za zamani na vijana wanazidijiti bila kuuliza zimetokana na mfumo gani. Ushauri wangu: faili lolote lisiloandikwa mfumo wake wa kodineti lisiingie kwenye kazi, hata kama limeletwa na mkubwa.

La pili, miinuko. Watu wanapakua data za bure za mwinuko, zile zilizotokana na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, pikseli ya mita 30, wanachora mafuriko ya Jangwani. Pale ni tambarare, tofauti ya nusu mita ndiyo inayoamua maji yaingie chumbani au yaishie uani. Data ile inaweza kukosea mita kadhaa, na radari inapima mapaa na miti pamoja na ardhi. Ni nzuri kwa kujua vilima vya Pugu viko wapi. Kwa kupanga mtaro wa mtaa, tumia droni au kipimo cha ardhini. Droni nayo ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, msirushe tu.

#6 Mwenyekiti_Mtaa

Habarini wadau. Mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, sitautaja. Nimesoma mpaka hapa, nimeona mnazungumzia mita 300 na pweza. Niwaambie shida yangu mimi.

Mpaka wa mtaa wangu haujulikani. Siyo na kompyuta, haujulikani na sisi wenyewe. Mwenzangu wa mtaa jirani anasema mwisho ni barabara ya vumbi, wazee wanasema mwisho ulikuwa mkorosho, mkorosho umekatwa. Katikati pamejengwa nyumba. Hao watu wakitaka barua ya utambulisho wanakwenda kwa anayefungua ofisi mapema. Taka hakuna anayezoa kwa sababu kila mzoaji anasema siyo eneo lake. Ikija sensa wanahesabiwa, ila kwenye mtaa upi mimi sijui. Sasa mnaniambia idadi ya watu ndiyo itoe fedha. Idadi ya watu wa wapi?

Mimi ningeomba hao vijana wa ramani waanze hapo. Watuite wenyeviti wawili pamoja na wajumbe wa mashina, tutembee kwa miguu, tubishane palepale, tukikubaliana wachore na sote tusaini.

#7 Dira_Kusini

Mwenyekiti, umesema jambo ambalo mimi nilipaswa kuliweka kichwani kwa uzi. Na linawezekana, kwa sababu kazi ya kuchora mpaka kwa kutembea na wajumbe mpaka ngazi ya shina imeshafanyika kwenye baadhi ya kata za Dar. Mjumbe anajua nyumba zake moja moja. Unakaa naye na picha ya anga iliyochapishwa kubwa, anaweka kidole: huyu wangu, huyu wa kwake. Pale vidole viwili vinapogongana, hapo ndipo pa kwenda kutembea. Huna haja ya kutembea mpaka wote.

Kisheria, kubadili mpaka wa mtaa au kata siyo kazi ya mwenyekiti wala ya kijana wa GIS. Ninachosema ni kuandika mpaka unavyotumika leo, na kuweka alama tofauti pale penye mgogoro, mstari wa vipande kwa mfano. Ramani inayokiri "hapa hatujakubaliana" inafaa kuliko inayojifanya haina shaka.

Kuhusu idadi, kuna jambo jingine wachache wanalifikiria. Sensa inamhesabu mtu alipolala, usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022. Ile idadi ya mkoa, watu 5,383,728, ni ya waliolala. Kariakoo mchana haina uhusiano wowote na Kariakoo ya usiku. Kama unapanga vyoo vya umma, uzoaji wa taka au askari wa kuongoza watembea kwa miguu kwa idadi ya waliolala, utaiweka Kariakoo sawa na kata ya makazi ya kawaida, na hali yake itakuwa ile tunayoiona. Kwa madarasa ya msingi na chanjo, tumia waliolala. Kwa vyoo na taka za sokoni, tafuta namna ya kuhesabu wa mchana: vizimba, leseni, abiria wa stendi. Tabaka moja la watu halitoshi maswali yote.

#8 Binti_Hananasif

Samahanini kaka zangu, nami niseme. Mnaongea ramani kama kitu kisicho na jino. Huku bondeni sisi tunaijua ramani kwa jina lingine. Desemba 2015 nyumba za Mkwajuni na Hananasif zilibomolewa, na kabla ya hapo na baada ya hapo watu wamewekewa X nyekundu ukutani. Hivyo akija kijana na kishikwambi, amevaa kitambulisho shingoni, anauliza "maji yalifika wapi hapa, magotini au kiunoni?", mama wa watu anajibu "hayajawahi kuingia". Maji yaliingia mpaka dirishani. Anaficha kwa sababu anajua jibu lake linaweza kuwa ushahidi wa kumwondoa.

Halafu huyo mtaalamu wa mkoa anachora ramani ya mafuriko kwa majibu yetu ya woga, anasema eneo hili ni salama kiasi. Hapo mmefaidika nini?

Mwaka 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 mjini hapa, na waliokosa makazi wakapelekwa Mabwepande. Hatukatai hatari, tunaiona kila masika. Tunachotaka kujua ni hii ramani ikishachorwa inakwenda kwa nani.

#9 Bikoni37

Dada, umetugusa. Kwa upande wa ufundi lipo la kufanya. Taarifa ya kina cha maji haihitaji kubaki na nyumba. Unakusanya kwa nyumba, unatoa kwa eneo, tuseme kwa shina au kwa miraba ya mita 50, na jina na namba ya simu havikai kwenye faili linalozunguka. Tena sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mahali anapoishi mtu ukishapaunganisha na jina lake ni taarifa binafsi. Anayekusanya awaeleze kwa Kiswahili inakwenda wapi, kabla ya swali la kwanza.

#10 Binti_Hananasif

Ahsante kaka, lakini mtu akitaka kubomoa hahitaji jina langu, anahitaji mraba wako wa mita 50.

#11 Dira_Kusini

Dada, hapo sina jibu la kompyuta na sitajifanya ninalo. Ninachoweza kusema ni hiki: Sheria ya mita 60 ipo, na picha za setilaiti zipo kwa yeyote. Mwenye nia ya kuwahamisha ameshawaona tangu zamani, hasubiri kishikwambi cha mwanafunzi. Anayekosa ramani ni nyinyi. Kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022, suala zima la fidia linategemea nani yuko wapi na ana nini. Mtaa uliojihesabu wenyewe, ukaweka nakala yake, unakwenda kwenye meza ya fidia na kitu mkononi. Mtaa uliokataa kuhesabiwa unakwenda na maneno. Kwa hiyo sharti langu lingekuwa: nakala ya kwanza ibaki kwenye mtaa, na kabla ya mkutano wa wananchi kuiona isitoke kwenda popote.

#12 Babu_Upanga

Wanangu, mnazungumza vizuri. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali enzi hizo, nimestaafu zamani. Naomba niwakumbushe tulikotoka maana naona hakuna aliyegusa.

Mwaka 1972 tulitangaziwa madaraka mikoani. Neno lilikuwa tamu. Kilichofanyika ni kufuta halmashauri za wenyeji na kupeleka maofisa wa wizara wakakae mikoani na wilayani. Yaani Dar es Salaam ilihamishiwa mikoani, watu wa mikoani hawakupewa chochote. Miji ikaoza, mitaro ikaziba, mpaka 1978 ikabidi mamlaka za miji zirudishwe, na sheria za serikali za mitaa zikaja 1982. Wakati wote huo mipango ilikuwepo, tena mizuri, na ramani zilikuwepo. Dar ina mpango kabambe wa 1949, wa 1968, wa 1979. Ule wa 1979 umetumika miaka na miaka mji ukiwa umeshaukimbia.

Nasema haya kwa sababu naona hatari ileile kwenye kompyuta. Mfumo unaweza kuwa na kituo kila halmashauri, lakini kama seva, nywila na uamuzi wa rangi ipi iwekwe wapi viko makao makuu, hayo ni madaraka mikoani ya pili.

#13 Chapati_Mbili

Shikamoo babu. Hii ya "Dar ilihamishiwa mikoani" naiiba.

#14 Kisarawe_Juu

Shikamoo mzee Upanga. Ila mimi nitakwenda kinyume kidogo na wote.

Mnasukuma kila kitu kishuke chini, kata, mtaa, shina. Sawa. Sasa Mto Msimbazi unaanzia vilima vya huku kwetu, Kisarawe na Pugu, unapita Jiji, unapokea maji ya Ubungo na Kinondoni, unaingia baharini pale Salenda. Kisarawe ni Mkoa wa Pwani. Kila halmashauri ikijipangia kwa ramani yake safi kabisa, wa juu atajenga mitaro mizuri ya kuondoa maji haraka, atapongezwa, na maji yatafika Jangwani kwa kasi zaidi kuliko zamani. Kila mmoja amepanga vizuri, wa chini amezama. Ramani ya kata haimwoni jirani wa juu.

Jiji la zamani lililokuwa juu ya manispaa lilivunjwa 2021. Nani sasa anaunganisha tabaka za Ilala, Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni, achilia mbali Kisarawe?

#15 Dira_Kusini

Swali zuri kuliko yote humu. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, Na. 19, Sekretarieti ya Mkoa ipo kwa ajili ya kuzisaidia halmashauri kitaalamu. Kwa maoni yangu kazi yake ya GIS ingekuwa hiyo tu: haichori mitaa, inaweka kanuni za pamoja, inaunganisha, na inashika vile visivyotoshea kata moja, yaani mabonde ya mito, barabara kuu, dampo, mabomba makuu. Mpaka wa kupangia mitaro uwe bonde. Mpaka wa kupangia madarasa uwe kata na jirani zake. Siyo lazima mambo yote yapangwe kwenye umbo moja, na hapo ndipo GIS inazidi karatasi: nyumba ileile unaihesabu kwenye mtaa wake leo na kwenye bonde lake kesho bila kuichora upya.

Ila ili viunganike lazima halmashauri zote ziite kitu kimoja kwa jina moja. Niliwahi kuona data za manispaa mbili, moja imeandika "zahanati", nyingine "kituo", na majengo ni ya hadhi ileile. Ukijumlisha unapata uongo. Mtaa uwe na namba yake ile ya sensa, siyo jina tu, maana mitaa ya jina moja imejaa Dar.

#16 Mkadiriaji

Mmesahau hela wakuu. Kilichofanya halmashauri zipende ramani ya majengo kilikuwa kodi ya majengo. Ulikuwa na sababu ya kila mwezi ya kutunza ramani, kwa sababu nyumba isiyo kwenye ramani hailipi. Halafu kodi hiyo ikapelekwa TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kukusanya kumerahisishwa, hilo sibishi. Lakini sasa kinachotafutwa ni mita ya umeme. Nyumba iko wapi, ina ukubwa gani, imepakana na barabara gani, havina kazi tena kwenye kodi. Mtu wa ramani halmashauri amepoteza mteja wake mkuu.

Mkitaka ramani iishi, iunganisheni na kitu kinacholeta shilingi: leseni za biashara, mabango, maegesho, ada ya taka. Ramani ya "maendeleo" peke yake itakufa siku mfadhili akiondoka.

#17 Mzee_wa_Kasma

Mkadiriaji ndiye wa kwanza humu kuongea lugha yangu. Mkurugenzi atanunua kompyuta kwa ajili ya mapato. Kwa ajili ya pweza hanunui.

#18 Chuo_Mwaka_wa_3

Naomba kuuliza wakubwa. Niko mwaka wa tatu, field nimepangiwa halmashauri, nimeambiwa hakuna leseni ya programu ya ramani na hakuna bajeti ya kununua. Nifanye nini miezi miwili?

#19 Dira_Kusini

Mdogo wangu, leseni siyo kikwazo. QGIS ni bure na inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Kukusanya mtaani tumia KoboToolbox kwenye simu, inafanya kazi bila intaneti, unapakia ukirudi ofisini. Majengo na njia chukua OpenStreetMap. Kuona mji unavyopanuka tumia picha za setilaiti za Sentinel-2, pikseli ya mita 10, bure. Kurudi nyuma miongo kadhaa zipo picha za setilaiti za Landsat.

Usichukue halmashauri nzima. Chukua kata moja na swali moja ambalo afisa elimu au afisa afya anataka jibu lake mwaka huu, yeye mwenyewe, siyo msimamizi wako wa chuo. Mfuate ofisini muulize. Kwa mfano madarasa mapya yaende shule ipi. Utatumia muda mwingi kusafisha majina ya shule kuliko kuchora, zoea. Ukimaliza, muachie faili na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili ya namna ya kulifungua. Wengi wanaondoka na faili kwenye flashi ya field report, ofisi inabaki na PDF.

#20 Mwenyekiti_Mtaa

Wadau nimewafuatilia. Nimezungumza na mwenzangu wa mtaa jirani, amekubali tuufanye huo mpaka. Mtendaji wa kata naye hana shida, amesema tuje ofisini kwake. Maswali mawili. Ramani ikichapishwa, nani ataisahihisha nyumba mpya zikijengwa, maana huku zinaota kila wiki? Na mjumbe akibadilika?

#21 Dira_Kusini

Mwenyekiti hongera. Chapisheni nakala mbili kubwa, moja ya mtaa wako, moja ya kwake, nyeusi na nyeupe inatosha, rangi inakula fedha. Ikae ukutani na kalamu nyekundu ya kufungwa kwa kamba. Nyumba mpya, mjumbe anaiweka nukta na tarehe. Kila robo mwaka, kabla ya kikao cha kata, mtendaji anaipiga picha kwa simu anamtumia mtu mmoja mwenye jina halmashauri, siyo "idara", anaingiza kwenye faili. Mjumbe akibadilika, nyumba hazijahama, badilisheni jina tu. Kwa hiyo usiandike majina ya wajumbe juu ya ramani, andika namba za mashina, majina yakae kwenye daftari lako.

#22 Bikoni37

Na kona ya chini kulia muandike mfumo wa kodineti, tarehe ya picha ya anga mliyotumia na tarehe ya kutembea mpaka. Mwenyekiti, nitumie ujumbe faragha. Kama siku yenyewe ni Jumamosi nakuja kutembea nanyi, kifaa ninacho.

#23 Mwenyekiti_Mtaa

Jumamosi saa mbili asubuhi, ofisi ya kata. Binti Hananasif, ukiweza njoo na wewe, nataka uwaambie wajumbe wangu hilo la nakala ya kwanza kubaki mtaani, wakilisikia kwako watalielewa kuliko kwangu.